Wasomaji Wanauliza: Ulinzi Dhidi ya Ubaguzi Marekani Hutegemea Jimbo Unaloishi

Barua tunazopokea kuhusu ubaguzi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia nchini Marekani hutoka kwa wasomaji wanaoishi katika majimbo tofauti, na jibu lililo sahihi kwa mmoja linaweza kumpoteza mwingine kabisa. Safari hii nimechagua barua nne na kuzijibu pamoja ili tofauti hizo zionekane. Nimeondoa majina na maelezo yote yanayoweza kumtambulisha aliyeandika. Ninaeleza sheria ilivyo kwa ujumla, na yeyote anayetaka kufungua shauri amwone wakili mwenye leseni katika jimbo lake.

*"Mimi ni Mkenya, msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee jijini Dallas, Texas, na nilihamia huku kutoka Minnesota. Mwezi uliopita msimamizi wangu aliiona picha yangu na mwenzangu, ambaye ni mwanamke, kwenye simu yangu. Tangu hapo zamu zangu za mchana zimehamishiwa usiku, saa zangu zimepunguzwa, na amewaambia wenzangu kwamba hataki mambo hayo karibu na wazee. Rafiki yangu anasema Texas haina sheria ya kunilinda, kwa hiyo ninyamaze nisije nikafukuzwa. Je, ni kweli?"* Msomaji, Dallas

Dada yangu, pole sana kwa yaliyokukuta. Rafiki yako hakosei anapoizungumzia Texas, lakini amesahau kwamba kazi yako iko pia chini ya sheria ya shirikisho, na hiyo inakulinda.

Kwanza nieleze alichomaanisha. Sheria ya kazi ya Texas inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, ulemavu, dini, jinsia, asili ya taifa na umri, wala haimtaji mpenzi wa jinsia moja mahali popote. Minnesota ulikotoka imewataja waziwazi tangu mwaka 1993, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwalinda pia watu waliobadili jinsia. Majimbo yenye sheria za aina hiyo ni zaidi ya 20, pamoja na Wilaya ya Columbia ulipo mji mkuu. Wisconsin ilitangulia mwaka 1982 kwa sahihi ya gavana wa chama cha Republican, Lee Dreyfus. Virginia ilikuwa ya kwanza katika majimbo ya Kusini mwaka 2020. Michigan ikafuata mwaka 2023. Texas haimo, na ulipovuka mpaka ukapoteza ulinzi huo wa jimbo, pengine bila mtu yeyote kukudokeza.

Hata hivyo, tarehe 15 Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Bostock dhidi ya Kaunti ya Clayton. Gerald Bostock alikuwa mtumishi wa kaunti hiyo katika jimbo la Georgia, akishughulikia watoto wanaohitaji ulinzi, na alifukuzwa mwaka 2013 muda mfupi baada ya kujiunga na ligi ya mpira ya wanaume wapenzi wa jinsia moja. Georgia, kama Texas, haikuwa na sheria ya kumlinda. Mashauri mengine mawili yaliunganishwa na lake: la Donald Zarda, mwalimu wa kuruka kwa mwavuli huko New York, na la Aimee Stephens wa Michigan, aliyefukuzwa na kampuni ya mazishi baada ya kuiandikia barua kwamba angerudi kazini akiwa mwanamke. Zarda na Stephens walifariki kabla ya kusikia hukumu. Stephens alifariki mwezi mmoja tu kabla ya hukumu, na kila ninaposoma shauri hili huumia kwa hilo.

Mahakama iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba Sehemu ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza ubaguzi wa kijinsia kazini, inawalinda watu hawa. Hoja ya Jaji Neil Gorsuch, aliyeiandika hukumu hiyo, inaeleweka bila kusomea sheria. Chukua wafanyakazi wawili wanaolingana kwa kila kitu, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke, na wote wanapenda wanaume. Mwajiri akimfukuza mwanamume kwa sababu hiyo na kumbakiza mwanamke, kilichowatenganisha ni jinsia, na jinsia ndiyo iliyokatazwa. Rudisha hoja hiyo kazini kwako: kama ungekuwa mwanamume mwenye picha ya mwanamke kwenye simu, msimamizi wako asingesema neno.

Sheria hiyo inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, na makao ya wazee mengi ya Dallas yanapita idadi hiyo. Usiogope pia kwamba kwa kuwa hujafukuzwa huna cha kulalamikia. Aprili 2024, katika shauri la Muldrow, ofisa wa polisi mwanamke wa St. Louis aliyehamishwa kitengo bila kupunguziwa mshahara, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mfanyakazi aliyehamishwa anatakiwa kuonyesha tu kuwa hali yake ya kazi iliharibika kwa kiasi fulani, hata kama hasara si kubwa. Wewe umehamishiwa usiku na kipato chako kimepungua, na hayo yanapimika kwa hati.

Jiji la Dallas nalo lina kanuni yake dhidi ya ubaguzi huu tangu mwaka 2002, lakini usiitegemee peke yake, maana mwaka 2023 bunge la Texas lilipitisha sheria ya kupunguza mamlaka ya miji katika masuala ya kazi na mengine mengi. Ulinzi wa mji unaweza kuondoka kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Houston ilikuwa na kanuni kama hiyo, ikapelekwa kwenye kura Novemba 2015, na takriban asilimia 61 ya wapiga kura wakaikataa. Tennessee na Arkansas zimekwenda mbali zaidi kwa kuizuia miji yao isitunge kanuni za namna hiyo hata ikitaka.

Sasa nije kwenye la kufanya, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wengi wanapopoteza haki ambayo tayari walikuwa nayo. Malalamiko hupelekwa kwanza kwenye Tume ya Fursa Sawa za Ajira, inayojulikana zaidi kwa herufi EEOC, kabla ya kwenda mahakamani. Muda wa kawaida ni siku 180 tangu kitendo kilipotokea, na mahali penye chombo cha jimbo au cha mji kinachoshughulikia ubaguzi wa aina hiyo unaweza kufika siku 300. Ushauri wangu ni kwamba uhesabu 180 na usitafute mjadala kuhusu 300. Siku zinaanza kuhesabiwa tangu ratiba ilipobadilishwa, na mazungumzo na idara ya rasilimali watu hayazisimamishi, hata kama unaambiwa kwa upole kwamba jambo lako linachunguzwa.

Leo hii, kabla ya zamu yako, piga picha ratiba zako za miezi mitatu kabla ya tukio na zile za baada yake, ukizipata. Weka hati za malipo zinazoonyesha saa. Andika maneno aliyoyatamka msimamizi kama yalivyotoka kinywani mwake, siku, mahali, na nani alisikia. Vitunze kwenye barua pepe yako binafsi, kwa sababu ya kazini itafungwa siku utakapoondolewa. Texas, kama karibu majimbo yote, inamruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu, kwa hiyo atakayetakiwa kuonyesha sababu ya kweli ni wewe, na tarehe za ratiba hizo zitasema mengi kuliko machozi. Ukilalamika kisha ukaadhibiwa kwa kulalamika, hilo ni kosa la pili linalojitegemea. Sheria hii humlinda mfanyakazi bila kujali hali yake ya uhamiaji, ingawa mwenye shaka juu ya karatasi zake aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kuwasilisha chochote.

Sitakuficha jambo moja. Tangu Januari 2025, baada ya amri ya rais kuhusu jinsia, EEOC imejiondoa katika kesi kadhaa za watu waliobadili jinsia. Hukumu ya Bostock haijafutwa kwa hilo. Tume isipokusimamia, omba barua ya idhini ya kushtaki, na ukiipokea una siku 90 za kufungua kesi mwenyewe.

*"Familia yetu ilitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ikapokelewa Des Moines, Iowa. Mdogo wangu alizaliwa mvulana na sasa anaishi kama msichana. Wazazi hawajakubali, kwa hiyo anaishi kwangu. Mwenye nyumba alipomwona alituambia kwamba mkataba wetu ukiisha hatatuongezea, na kwamba sheria ya Iowa siku hizi inamruhusu. Sheria hiyo ipo? Na je, kuhama kutatusaidia?"* Msomaji, Des Moines

Ndugu yangu, umemfungulia mdogo wako mlango wakati wengine wamemfungia, na kwa hilo nakuheshimu. Jibu ni chungu: sheria ipo. Tarehe 28 Februari 2025 Gavana Kim Reynolds alitia sahihi sheria iliyoondoa utambulisho wa kijinsia katika orodha ya wanaolindwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya Iowa, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Ulinzi huo ulikuwa umewekwa mwaka 2007. Iowa ikawa jimbo la kwanza nchini Marekani kuliondoa kundi la watu katika sheria ya haki za kiraia baada ya kuwa limeshaingizwa. Wapenzi wa jinsia moja wamebaki kulindwa. Waliobadili jinsia ndio waliotolewa.

Naliona jambo hili kuwa dhuluma, na linaniuma zaidi kwa sababu ya historia ya jimbo lenyewe. Mwaka 1868 Mahakama ya Juu ya Iowa iliamua kwamba binti wa Alexander Clark, Mmarekani mweusi wa mji wa Muscatine, hawezi kunyimwa shule ya mtaani kwake kwa sababu ya rangi, miaka 86 kabla ya Mahakama ya Juu ya taifa kusema hivyo kwa nchi nzima. Mwaka 2009 mahakama hiyohiyo iliruhusu ndoa za jinsia moja kwa kauli moja, miaka sita kabla ya taifa. Jimbo lenye rekodi hiyo lingeweza kumwacha mdogo wako akae nyumbani kwa amani.

Kazini, mdogo wako bado yuko chini ya Bostock kama nilivyoeleza hapo juu, iwapo mwajiri wake ana wafanyakazi 15. Nyumba ndipo penye ugumu. Sheria ya shirikisho ya makazi ya mwaka 1968 iliongezewa neno jinsia mwaka 1974, na mwaka 2021 wizara ya nyumba ilitangaza kuwa neno hilo litawahusu pia wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, kwa kufuata hoja ya Bostock. Utawala uliopo sasa hauendelezi msimamo huo. Maandishi ya sheria hayajabadilika na mahakama inaweza kuyasoma kama ilivyosoma yale ya kazi, ila itawabidi mwende mahakamani wenyewe, safari ya muda mrefu kwa familia inayohitaji paa mwezi ujao.

Kwa hiyo nakushauri uanzie kwenye mambo ya karibu. Mkataba wako wa maandishi ukiwa haujaisha, mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa sababu hapendi sura ya mdogo wako. Lazima apitie mahakamani, na hana ruhusa ya kubadilisha kitasa au kukata umeme ili mwondoke wenyewe. Ikiwa mnakaa kwa mwezi mmoja mmoja, anatakiwa kukupa notisi ya maandishi ya siku 30. Kumbuka pia kila alichokitamka siku hiyo. Kama pamoja na mdogo wako aliwataja wakimbizi au Waafrika, hapo kuna ubaguzi wa rangi na asili ya taifa, ambao Iowa na shirikisho bado wanaukataza bila utata wowote. Peleka mkataba na maneno hayo kwa Iowa Legal Aid, wanaotoa msaada wa kisheria bure kwa wenye kipato kidogo, na uombe mkalimani wa Kiswahili ukimhitaji.

Umeuliza pia mwishoni mwa barua yako kama kuhama kutasaidia. Hilo ni uamuzi wa familia, na si kila mtu anaweza kuacha kazi na kanisa na ndugu. Kwa upande wa sheria peke yake, Minnesota na Illinois, zote zinazopakana na Iowa, zinawalinda waliobadili jinsia katika nyumba, kazi na mahali pa huduma. Ukitoka Des Moines kwa barabara ya I-35, mpaka wa Minnesota ni mwendo wa saa mbili hivi. Usiifuate Wisconsin kwa sifa yake ya kutangulia: sheria yake ya mwaka 1982 inawataja wapenzi wa jinsia moja, na hadi leo haijaongeza utambulisho wa kijinsia.

*"Nina kampuni ndogo ya kuhudumia wagonjwa majumbani huko Brooklyn Park, Minnesota, yenye wafanyakazi tisa. Mmoja wao ni kijana anayeishi na mwanamume mwenzake. Familia ya mteja mmoja imesema haimtaki nyumbani kwao, na mimi mwenyewe kwa imani yangu naona vigumu kumweka. Nimesikia sheria hizi zinaanzia wafanyakazi 15. Naweza kumwachisha?"* Msomaji, Brooklyn Park

Hapana, mzee wangu, huwezi, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda. Hiyo 15 ni hesabu ya sheria ya shirikisho. Sheria ya Haki za Binadamu ya Minnesota inamhusu mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kijana huyo ana mwaka mmoja wa kulalamika kwenye idara ya jimbo inayosimamia haki hizo.

Kwamba mteja hamtaki si utetezi. Kampuni ikimwondoa mfanyakazi kwa sababu wateja hawapendi alivyo, ubaguzi huo unakuwa wa kampuni. Mfikirie mteja yuleyule akikuambia kwamba hataki Mwafrika amguse mama yake, jambo ambalo wahudumu wetu wamelisikia mara nyingi katika nyumba za watu. Ungetaka sheria ikusimamie, nayo inakusimamia kwa maneno yaleyale. Unaweza kumpangia kazi kwa vigezo vya ujuzi, umbali na saa, kama unavyowapangia wengine wanane, na uandike vigezo hivyo.

Kuhusu imani, sheria inaziacha taasisi za dini ziamue mambo yao. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilikubaliana kwa kauli moja, katika shauri la Hosanna-Tabor, kwamba serikali haiwezi kuliamulia kanisa nani awe mhudumu wake wa dini. Kampuni inayolipwa kwa kuhudumia wagonjwa haiingii humo hata kama mwenyewe ni mcha Mungu na wafanyakazi huomba pamoja asubuhi. Hakuna anayekutaka ubadili unachokiamini. Unatakiwa tu usimlipishe kijana huyo mshahara wake kwa imani yako.

Ulinzi huu, niongeze, hauna upande. Juni 2025, katika shauri la Ames lililotoka Ohio, mwanamke anayependa wanaume alidai kwamba alinyimwa cheo na baadaye kushushwa ili nafasi ziende kwa wapenzi wa jinsia moja. Majaji wote tisa waliamua kwamba asipewe mzigo mzito zaidi wa ushahidi kwa kuwa anatoka katika kundi la wengi. Siku wewe au mwanao mkibaguliwa kwa kuwa na mke au mume, mtaingia kwa mlango huohuo.

*"Mimi na mume wangu tunapika vyakula vya harusi huko Aurora, Colorado: pilau, biriani, samosa. Wanawake wawili wametuomba tuwapikie kwenye harusi yao. Tumesikia kwamba Mahakama ya Juu iliruhusu wafanyabiashara kukataa. Ni kweli?"* Msomaji, Aurora

Iliruhusu jambo dogo kuliko mlivyosikia, mama. Mwaka 2018 mwoka keki wa Colorado, Jack Phillips, aliyekataa kuwatengenezea wanaume wawili keki ya harusi yao, alishinda kwa sababu tume ya jimbo ilionyesha uadui kwa dini yake wakati wa kumsikiliza. Mahakama haikusema kwamba kila duka linaweza kuwarudisha wateja mlangoni. Juni 2023, katika shauri la 303 Creative, majaji sita dhidi ya watatu walisema kwamba Colorado haiwezi kumlazimisha mbunifu wa tovuti za harusi atunge ujumbe asiouamini, kwa kuwa tovuti ile ni maneno yake na uhuru wa kusema unalindwa na katiba.

Pilau si maneno. Mnapowauzia watu wote sahani ileile kwa bei ileile, kuwanyima wawili hawa kwa sababu ya walivyo ni ubaguzi mahali pa huduma, ambao Colorado imeukataza tangu mwaka 2008. Mkiombwa kuandika juu ya keki sentensi msiyoiamini, hapo mna hoja, ingawa mahakama bado hazijachora mstari kamili kati ya chakula na ujumbe, na nisingependa mwe nyinyi mnaoutafuta kwa gharama zenu.

Jambo hili linategemea jimbo kuliko yote niliyoyajibu leo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1964 kuhusu hoteli, migahawa na kumbi inataja rangi, dini na asili ya taifa, wala haitaji jinsia, kwa hiyo hoja ya Bostock haina pa kushika. Mswada wa kuliziba pengo hilo, ulioitwa Sheria ya Usawa, ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2019 na tena 2021, ukakwama Seneti. Mngekuwa mnapika Texas nje ya miji yenye kanuni zake, wanawake hao wasingekuwa na pa kulalamikia. Aurora wanapo, na muda wao wa kuwasilisha malalamiko ya huduma kwenye kitengo cha haki za kiraia cha jimbo ni mfupi, kwa hiyo wapeni jibu lenu mapema na kwa adabu. Mimi ningewapikia.